Nyongeza Haiji kwa Huruma

Maneno haya kuhusu mafao ya ukosefu wa ajira na nyongeza yake niliyasema Jumamosi mchana mbele ya jamaa zetu wa Lexington, Kentucky, katika ukumbi wa chini wa kanisa. Wengi mlikuwa zamu, wengine mlikosa usafiri, nanyi mmeniomba niyaandike yote. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wa Fizi, wa Uvira, wa Bukavu, wa Kigoma, na ninyi wachache wa Mombasa mliojificha nyuma karibu na birika la chai, hamjambo?

Nimesikia nusu ya ukumbi. Hamjambo?

Sasa sawa. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja, hata viatu vya kazi hamjavua. Sitawachosha. Nianze kwa swali. Nani hapa amewahi kushika kadi ya mgao? Nyosheni mikono. Kambi ya Nyarugusu, ya Lugufu, ya Kakuma, popote ulipokuwa mkimbizi.

Tazameni. Karibu ukumbi wote.

Swali la pili. Nani hapa, tangu afike Marekani, amewahi kupoteza kazi akapokea mafao ya ukosefu wa ajira, ile ambayo sisi kwa mdomo wetu tunaiita anemployimenti? Nyosheni mikono. Haya, naona mikono inapanda hadi sikioni tu, kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni. Mkono wa mgao ulipaa, mkono wa mafao unaona haya. Kwa nini?

Kuna mzee wetu mmoja, simtaji, yumo humu ndani na ameniruhusu niseme. Alifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Zamu yake ikafungwa. Wenzake walipoomba mafao wiki ileile, yeye alikaa nyumbani. Wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Mama akamuuliza, baba, mbona huombi? Akajibu: "Nimekula mgao miaka kumi na minane. Siku nilipopanda ndege nilijiapiza sitapanga foleni tena."

Niliposimuliwa hilo nilinyamaza. Ninyi mnajua uzito wake. Mnaijua foleni ya unga na mbaazi, mnajua siku tangazo linapobandikwa kwamba kuanzia mwezi ujao kipimo kimepunguzwa, na hakuna wa kumuuliza. Mtu aliyetoka huko akisema sitaki foleni, usimcheke.

Lakini mzee wangu, na wengine wote wenye wazo hilo, nisikilizeni. Mgao ulipewa kwa sababu huna. Mafao haya unapewa kwa sababu ulifanya kazi. Ni bima, kama bima ya gari. Ukigongwa, unaona haya kudai bima ya gari?

Bima hii ilianzia jimbo la Wisconsin, mwaka 1932, watu walipokuwa wanapoteza kazi kwa mamilioni. Agosti 14, 1935, Rais Franklin Roosevelt akatia saini sheria iliyoipeleka nchi nzima: kila jimbo liwe na mfuko wake, serikali ya Washington isimamie kanuni kubwa. Hundi ya kwanza ilitoka Madison, Wisconsin, mwaka 1936. Ilikuwa dola 15. Aliyeipokea hakwenda nayo dukani. Ofisa aliyekuwa anasimamia mpango aliinunua kwa dola 25 ili iwekwe kama kumbukumbu. Yule bwana alipata faida ya dola 10 kwa kukosa kazi. Nadhani ni yeye peke yake katika historia ya nchi hii.

Nani anajaza mfuko huo? Mwajiri wako. Hapa Kentucky mshahara wako haukatwi hata senti kwa ajili hiyo. Mwajiri analipa kodi ya jimbo, na analipa kodi ya Washington, asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza anazokulipa kwa mwaka. Akiwa amelipa ya jimbo vizuri anapunguziwa, inabaki dola 42 kwa kichwa chako kwa mwaka mzima. Arobaini na mbili. Na hizo dola 7,000 hazijasogezwa tangu 1983. Mkate umepanda, kodi ya nyumba imepanda, kila kitu kimepanda ila hesabu hiyo. Zikumbukeni hizo dola 42, maana nyongeza tutakayoizungumzia, nusu ya gharama yake inatoka humo.

Mzee wetu alikuja kuomba wiki ya sita. Alipata, lakini zile wiki tano zilikwenda na maji, kwa sababu mafao yanaanza kuhesabiwa wiki uliyoomba, siyo wiki uliyofukuzwa. Haya yake ilimgharimu wiki tano.

Niseme haraka nani hayumo, kisha tuendelee. Kama unaendesha gari la abiria la kuita kwa simu, au unapeleka vyakula, na mwisho wa mwaka unapewa karatasi ya 1099, ya aliyejiajiri, badala ya W-2, ya mwajiriwa, kwa kawaida huna mwajiri aliyekulipia. Wakati wa korona walifunguliwa mlango maalumu, mlango huo umefungwa. Na lazima uwe ulikuwa na kibali cha kufanya kazi wakati ulipopata mshahara ule, na uwe nacho bado unapodai. Wakimbizi mliokuja kwa utaratibu mnacho. Msikubali mtu awatishe.

Sasa tuingie kwenye wiki.

Kuna mtu na mdogo wake. Wanakaa nyumba moja Cincinnati, upande wa Ohio, chumba kimoja, friji moja. Mkubwa alikuwa anavuka mto kila siku kufanya kazi kwenye ghala upande wa Kentucky, karibu na uwanja wa ndege. Ndiyo, uwanja wa ndege wa Cincinnati uko Kentucky, msiniulize kwa nini. Mdogo alikuwa kwenye ghala la upande wa Ohio. Januari 2023, baada ya msongamano wa sikukuu, wote wawili wakaambiwa kazi zimekwisha. Wiki ileile.

Mdogo akapata barua: una haki ya hadi wiki 26. Mkubwa akapata barua: wiki 12.

Wanalala chumba kimoja! Wanakula sufuria moja! Mkubwa akadhani ni kosa la kuandika. Akaniletea barua zote mbili, akaziweka mezani kama mtu anayeshitaki. Nikamwambia, kaka, hakuna aliyekosea. Kinachohesabiwa ni jimbo ulikofanyia kazi. Unapolala hapahesabiwi.

Majimbo mengi ya nchi hii yanatoa hadi wiki 26. Kentucky nayo ilikuwa hivyo. Mwaka 2022 bunge la jimbo likapitisha sheria mpya. Gavana Andy Beshear akaikataa kwa kura yake ya turufu, bunge likampiku, na Januari 2023 sheria ikaanza kazi. Inasema hivi: ukosefu wa ajira katika jimbo ukiwa chini ya asilimia 4.5, mafao ni wiki 12. Unapopanda kila nusu asilimia, inaongezwa wiki moja, hadi mwisho wiki 24 ukifika asilimia 10. Hesabu inafanywa upya mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo ukiuliza jirani yako aliyeachishwa kazi mwaka jana alipata wiki ngapi, jibu lake si lako. Soma barua yako. Narudia: soma barua yako wewe.

Wiki ya 12 ikafika. Mdogo bado yuko nusu ya safari. Mkubwa akapiga simu, akangoja kwenye laini mpaka muziki ule wa kungojea akaujua kwa moyo, na alipompata mtu akauliza: nyongeza iko wapi? Maana alikuwa amesikia, kama ninyi mlivyosikia, kwamba mafao yakiisha kuna nyongeza.

Akajibiwa hakuna.

Hapa ndipo nilipowaitia leo. Nyongeza ipo au haipo?

Ipo kwenye sheria. Mwaka 1970, wakati wa Rais Nixon, Marekani iliweka nyongeza ya kudumu. Mtu akimaliza mafao ya kawaida bila kupata kazi, anaongezewa nusu ya wiki alizopewa mwanzo, lakini zisizidi 13. Gharama wanagawana nusu kwa nusu, jimbo na Washington, na nusu ya Washington inatoka kwenye zile dola 42.

Sikieni neno hilo: nusu ya alizopewa mwanzo. Aliyepewa 26, nyongeza yake ni 13, jumla 39. Aliyepewa 12, nyongeza yake ni ngapi? Semeni. Sita! Jumla 18. Jimbo likikata wiki za mwanzo, limekata na za mwisho bila hata kuzitaja. Mkubwa angekatwa mara mbili kwa kisu kimoja.

Lakini hata hizo sita hakuzipata, wala mdogo wake Ohio baadaye hakupata zake 13. Kwa nini? Kwa sababu nyongeza ni kama taa za ukumbi huu. Waya zimo ukutani wakati wote, lakini mtu lazima abonyeze swichi. Na swichi hiyo haibonyezwi na... ninyi watoto! Acheni hiyo swichi! ... Haya. Washeni. Asanteni. Mnaona? Ndivyo hivyo hasa. Tulikuwa tunaona, ghafla hatuoni, na hakuna kati yetu aliyeulizwa.

Swichi ya nyongeza inabonyezwa na namba. Haibonyezwi na shida yako. Uwe na watoto saba, uwe umeuguza, uwe umeomba kazi mia mbili, swichi haikuoni. Inaangalia namba ya jimbo zima.

Namba yenyewe inapatikanaje? Wanachukua watu wanaopokea mafao ya kawaida kwa sasa, wanawalinganisha na wafanyakazi wote wenye bima hii. Wanatafuta wastani wa wiki 13. Wastani huo ukifika asilimia 5, na tena uwe umezidi kwa moja ya tano ule wa wiki kama hizo katika miaka miwili iliyotangulia, taa inawaka. Vyote viwili pamoja. Yapo majimbo yaliyochagua kuongeza kipimo kingine, kinachoangalia ukosefu wa ajira kwa jumla: asilimia 6.5 kwa wastani wa miezi mitatu, nayo iwe imezidi ya miaka ya nyuma. Hayo ukosefu ukifika asilimia 8 yanaweza kutoa hadi wiki 20. Zamani kulikuwa pia na swichi moja kubwa ya taifa zima, lakini mwaka 1981 iling'olewa ukutani.

Nimewasomea namba nyingi, najua. Lakini tulieni kidogo kwenye kile kipimo cha kwanza, maana kina mambo mawili yaliyonikosesha usingizi.

La kwanza. Wanaohesabiwa ni nani? Wanaopokea mafao ya kawaida. Je, aliyemaliza wiki zake, aliyekaa nyumbani bila kazi na bila mafao, anahesabiwa? Hahesabiwi! Yule mkubwa wetu, wiki ya 13 alikuwa bado hana kazi, bado ana njaa, lakini kwenye hesabu ile alikuwa ametoweka. Sasa fikirini: jimbo likifupisha wiki, watu wanatoka kwenye hesabu mapema. Wakitoka, namba inashuka. Namba ikishuka, taa haiwaki. Wenye njaa zaidi ndio wasiohesabiwa. Kambini angalau siku ya kuhesabiwa walitufuata hadi kwenye hema.

La pili. Namba lazima iwe imezidi miaka miwili ya nyuma. Sasa mgonjwa ana homa kali. Leo homa, kesho homa, mwezi mzima homa. Anakwenda kwa daktari, daktari anasema: "Jana ulikuwa na homa hiihii, basi leo huumwi." Mnacheka, lakini ndivyo kipimo kilivyofanya baada ya mdororo wa 2008. Oktoba 2009 ukosefu wa ajira nchini ulifika asilimia 10, ukakaa juu muda mrefu. Kwa sababu ulikaa juu, haukuwa tena "umezidi" miaka ya nyuma, na taa zikawa hatarini kuzimika jimbo baada ya jimbo huku watu wangali hawana kazi. Desemba 2010 Congress, yaani bunge la Washington, ikalazimika kuyaruhusu majimbo yaangalie nyuma miaka mitatu ili taa zisizimike.

Na taa ikizimika, inazimika kwa wote. Usidhani kwamba kwa sababu barua yako ilisema wiki 13 basi ukiwa umekula nne, tisa zimewekwa kando kwa jina lako. Jimbo likishuka chini ya kipimo na kipindi cha nyongeza kikifungwa, malipo yanasimama palepale, uwe wiki ya nne au ya kumi na mbili.

Ndiyo maana kila shida kubwa inapoikumba nchi hii, Washington inaacha swichi ile ukutani na kuleta jenereta. Sheria ya dharura. Walifanya hivyo 1958 wakati wa Eisenhower, wakafanya 1961 wakati wa Kennedy, na mara kadhaa baadaye. Kubwa kuliko zote kwa wiki ilikuwa ile ya Juni 2008: ukijumlisha ya kawaida, ya dharura na ile nyongeza ya kudumu, katika majimbo yaliyoumia zaidi mtu aliweza kufikia wiki 99. Karibu miaka miwili. Waliozimaliza zote bila kupata kazi walipewa jina lao, "watu wa tisini na tisa". Kisha Desemba 28, 2013, siku tatu baada ya Krismasi, sheria ikaisha muda wake bila kuongezwa. Watu milioni 1.3 walikatiwa siku moja.

Jenereta ina mafuta, na mafuta yana tarehe.

Niwaeleze yangu, maana siwezi kuwasimulia wengine tu. Machi 2020 mimi nilikuwa natandika vitanda hotelini. Wiki moja vyumba vimejaa, wiki ya pili nimetandika vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia. Tukaambiwa nendeni nyumbani. Machi 27 sheria ya dharura ikatoka: dola 600 za ziada kila wiki, na wiki 13 za kuongezea baada ya zile za kawaida. Zile 600 zikaisha mwisho wa Julai. Mnakumbuka wenyewe Juni ile, foleni iliyozunguka jengo la bunge Frankfort, mji mkuu wa jimbo letu, watu wamefika kabla ya alfajiri kwa sababu madai yao yalikwama. Watu wa nchi hii, waliozaliwa hapa, wamekaa kwenye viti vya kukunja kama sisi siku ya mgao. Mume wangu aliiona kwenye simu akasema: "Kumbe na wao."

Nikamaliza wiki za kawaida. Nikaingia kwenye wiki 13 za dharura. Wiki ya Krismasi sheria nayo ikawa inakwisha, Desemba 26. Mkesha ule sikwenda kanisani. Nilikaa jikoni na daftari, nikiandika kodi ya nyumba, umeme, simu, nafuta, naandika tena, kana kwamba nikiandika kwa mwandiko mzuri zitapungua. Desemba 27 Rais Trump akatia saini, wiki 11 zikaongezwa. Machi 11, 2021, Rais Biden akatia saini nyingine, ikafika jumla wiki 53 za dharura. Mimi kufikia wakati huo nilikuwa nimepata kazi, lakini dada mmoja niliyekuwa naye hotelini aliendelea hadi mwisho, Septemba 2021. Binamu yake, aliyekuwa kwa jirani zetu wa Tennessee, alikatiwa Julai 3, kwa sababu gavana wa huko aliamua kujitoa mapema. Fedha ilikuwa ya Washington, haikuwa ya Tennessee. Gavana wetu hakujitoa. Miezi miwili ya kodi ya nyumba ilitegemea uko upande gani wa mpaka.

Sasa mtaniuliza: tufanye nini? Maana umetuambia swichi haituoni na jenereta hatuna.

Wiki zako zihesabu tangu siku ya kwanza. Barua ikifika, chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya duka la vyakula, andika wiki ya 1, wiki ya 2, hadi ya mwisho, na ya mwisho izungushie wino mwekundu. Watu wengi wanashtuka wiki ya 11. Ukijua mwanzo kwamba una 12 au 13, hutakataa kazi wiki ya tatu ukisubiri iliyo bora, na hutatuma pesa nyumbani kwa kipimo kilekile cha zamani. Samahani mama zangu, najua simu za nyumbani zinavyolia. Lakini semeni ukweli nyumbani pia.

Kama unaweza kwenda kusoma ufundi, uliza mapema. Sheria ileile ya Kentucky iliyokata wiki iliacha mlango mdogo: aliye kwenye mafunzo ya kazi yaliyokubaliwa anaweza kuongezewa wiki tano. Hiyo nyongeza haingoji namba ya jimbo, inakungoja wewe. Ila ukienda kuuliza wiki ya mwisho, umechelewa.

Na hili naomba mlisikie na masikio yote mawili. Kila unapotakiwa kuthibitisha kwamba bado huna kazi, thibitisha. Hata kama umenyimwa. Hata kama umekata rufaa na hujajibiwa. Jirani yangu alinyimwa mafao kwa sababu mwajiri alisema aliacha kazi mwenyewe. Akakata rufaa. Kesi ikasikilizwa kwa simu, na mkalimani alipewa bure, kwa sababu ofisi hizi zinapokea fedha za serikali kuu na haziruhusiwi kumnyima mtu kwa sababu ya lugha. Akashinda! Tulipiga vigelegele jengo zima. Kisha malipo yakaja ya wiki mbili tu. Wiki zote alizokuwa anangoja rufaa hakuwa amethibitisha hata moja, maana alidhani, nimeshanyimwa, nathibitisha nini? Hazikulipwa. Alishinda kesi akashindwa na kalenda.

Siku za kukata rufaa nazo ni chache, na zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Bahasha ikikaa juu ya friji wiki mbili, friji haikutetei.

Ukipata vibarua vya siku mbili, sema. Ukificha, watagundua, watakudai urudishe na faini juu. Mafao yenyewe yanatozwa kodi ya mapato ya Washington, kwa hiyo ile karatasi ya 1099-G ya Januari, inayoonyesha mafao uliyolipwa, usiitupe. Na mtu akikupigia simu akisema anaweza kukuwashia nyongeza, umpe namba yako ya Social Security na sehemu ya malipo ya kwanza, mwambie swichi haiko mfukoni mwake.

Kuna jambo moja bado, na najua wengine hampendi siasa ukumbini. Ile sheria ya wiki 12 ilipigiwa kura na watu wenye majina, wanaotoka wilaya zenye ramani, na wilaya mojawapo ni hii tuliyokaa. Kambini waliopunguza mgao walikuwa mbali, hatukuwa na namna ya kuwafikia. Frankfort ni mwendo wa nusu saa. Wangapi humu mmeshaapa uraia? Nyosheni mikono, na safari hii ipandisheni. ... Thelathini? Zaidi? Wangapi mmejiandikisha kupiga kura? ... Ahaa. Mikono imerudi sikioni.

Basi. Meza ile ya dirishani ina fomu za kujiandikisha. Hii ya hapa mbele, nitakaa mimi na vijana wawili wanaosoma Kiingereza cha ofisi vizuri kuliko mimi, tutasoma barua zenu moja moja, na kila mmoja ataondoka na kalenda. Chai ipo, watu wa Mombasa hawajaimaliza yote. Na wewe mzee wangu, wa mstari wa tatu, unayeibonyeza bonyeza bahasha ndani ya koti tangu nilipoanza kusema, njoo. Tutaanza na yako.